Maneno ya Aliyeketi

"Usisimame," nilimwambia kwa mara ya tatu. "Siwezi kumfundisha mtu aliyesimama. Shingo inaniuma."

Aliketi, lakini kwa namna ya mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari: kwenye ncha ya kiti, magoti yamebanana, mikono haijui iende wapi. Ukumbi wa chakula wa chuo ulikuwa umefungwa tangu saa nane. Viti vyote vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, miguu hewani, isipokuwa viwili tulivyovishusha sisi. Jikoni sufuria zilikuwa zikisuguliwa, na msuguaji alikuwa akituimbia wimbo wa harusi kwa sauti ya makusudi.

Kazini walimwita Sahani Tano. Aliweza kubeba sahani tano za moto kwa mpigo mmoja, tatu mkono wa kushoto na mbili wa kulia, akapita katikati ya wanafunzi wenye njaa asimwage hata tone la mchuzi. Mimi nilimwita mpenzi tulipokuwa peke yetu, na Sahani Tano aliponiudhi. Siku ile alikuwa Sahani Tano tangu tulipoanza.

"Tena," nikasema. "Mkate."

"Psomi."

"Chumvi."

"Alati."

"Mafuta."

"Ladi."

"Ladhi! Weka ulimi kati ya meno, kama unavyosema dhahabu. Sauti hiyo tumezaliwa nayo. Kuna watu wanalipa ada waifundishwe, wewe unaitupa bure."

"Ladhi," alisema, akatabasamu. Sikutabasamu. Nilikuwa nimejifunza Kigiriki muhula mmoja tu, tena nilikuwa namfundisha kwa wasiwasi wa mtu anayevuka mto akiwa amembeba mwenzake mgongoni.

"Sasa sentensi. Una njaa."

"Pinao."

"Una kiu."

"Dhipsao."

"Ungependa samaki."

"Tha ithela psari, parakalo." Ilimtoka vizuri, laini, na kwa dakika moja moyo wangu ulitulia. Kisha akainamisha kichwa. "Mwalimu, huyu anayetaka samaki ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Ni mtu yeyote! Ni sentensi, jamani. Usinirukie mbele, hii ndiyo sura ya sita, Chakula na Meza, na tumebakiza siku mbili."

Aliniangalia kidogo, kwa jicho ambalo sikuwa na subira ya kulisoma. "Haya," akasema. "Tha ithela psari."

Wiki sita tulikuwa tumekaa hivyo, kila siku baina ya chakula cha mchana na chai ya saa kumi, na katikati yetu kitabu chembamba cha buluu kilichotungwa kwa ajili ya wasafiri, kitabu pekee cha Kigiriki kilichokuwamo katika maktaba yetu nzima. Katikati ya mji ulikuwa unafunguliwa mkahawa wa Kigiriki. Mwenye mkahawa, mwanamke Mgiriki aliyeishi kwetu miaka mingi, alikuwa anatafuta mkuu wa ukumbi: mtu wa kuwapokea wateja, kuwaongoza wahudumu wengine, na kusema na Wagiriki wenzake kwa lugha yao. Watu wawili ndio waliobaki katika mchujo, na mmoja wao alikuwa huyu aliyeketi mbele yangu kwenye ncha ya kiti. Ijumaa saa kumi wangejaribiwa.

Ijumaa hiyo ilikuwa ndiyo maisha yangu. Kwa miezi minane Baba alikuwa hataki hata kumsikia akitajwa. Mwishowe, kwa kuchoshwa na machozi yangu, alitamka sentensi moja: akipata cheo hicho, aje Jumapili aketi tule naye.

*

Alhamisi jioni Mama alikuwa akipiga pasi mashati ya Baba. Baba ni mpima ardhi, na mtu aliyepima ardhi maisha yake yote hupenda kila kitu kiwe na mpaka unaoonekana. Shangazi, dada yake, alikuwa ameegemea dirisha akishona kifungo kwa macho yaliyofumbwa nusu.

"Kesho ndiyo kesho," Shangazi akasema. "Bwana Sinia anapanda cheo."

"Shangazi!"

"Nimekosea nini? Si ni sinia analobeba? Au kwa Kigiriki linageuka kuwa kalamu?"

Mama hakucheka. "Mwanangu, mimi simchukii. Ana adabu, anaamkia vizuri, nguo zake safi. Lakini wewe mwakani una shahada. Ukikaa na wenzako wakakuuliza mumeo anafanya kazi gani, utawaambia nini?"

"Nitawaambia ni mkuu wa ukumbi."

"Na asipopata?"

"Atapata. Nimemfundisha mwenyewe."

"Sikuuliza nani kamfundisha. Nimeuliza asipopata."

Niliuma mdomo hadi nikahisi ladha ya chuma. "Mama, binadamu hapimwi kwa anachokibeba."

"Hapimwi," Mama akasema, akiigeuza kola ya shati. "Ila mgongo ukimuuma atakayeukanda ni wewe."

"Wifi, mwache mtoto," Shangazi akaingilia. "Mimi nilimkataa fundi baiskeli kwa maneno kama hayo hayo yako, nikaolewa na karani. Mpaka leo baiskeli yangu mbovu."

Walicheka wote wawili, na kicheko chao kilinichoma kuliko matusi. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Niliketi kitandani nikiwa na hakika, hakika ya mtu anayekula kiapo, kwamba katika nyumba ile yote ni mimi peke yangu niliyemwona mtu yule kama mtu.

*

Mkahawa ulinukia rangi mbichi. Meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeupe vilivyobaki na mikunjo ya dukani, na katika kila meza palikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni iliyopigwa na jua la jioni. Mwenye mkahawa alitupokea mlangoni akiwa amejifunga aproni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye nywele zilizobanwa kwa penseli, na Kiswahili chake kilikwenda kasi kuliko changu.

"Wewe ndiye mwalimu?" aliniuliza. "Kaa pale pembeni. Usimsaidie hata kwa kope."

Wa kwanza alikuwa bwana wa makamo aliyehudumu katika meli miaka kumi. Sahani zililia mikononi mwake kama kengele, na jagi la maji liliacha duara la unyevu juu ya kitambaa. Nilipumua kwa raha. Mwenye mkahawa na kaka yake waliketi kama wageni, na kila walipomwita, yule bwana aliitikia, "Oriste!" Wakasema kitu, akauliza, "Ti tha parete?" Wakasema kingine, akajibu, "Amesos!" na huyo akaenda zake. Nilifungua kitabu chini ya meza. Katika sura ya sita hapakuwa na neno hata moja kati ya hayo.

"Huyu hajui hata kuomba maji," nilimnong'oneza mpenzi wangu.

Alikuwa akimsikiliza yule bwana, na midomo yake ilisogea kidogo kidogo, ikiyarudia yale maneno kimya kimya.

Kisha zamu yake ikafika.

Ningependa kueleza alivyotembea, kwa maana nililipenda jambo hilo kabla sijampenda yeye. Alikwenda bila haraka na bila kuchelewa. Kitambaa kilikuwa mkononi, mgongo umenyooka, na meza zilionekana kumpisha. Kaka wa mwenye mkahawa, mzee mpole mwenye masharubu meupe, alimsalimia, "Kalispera." Akajibu, "Kalispera sas." Nilifumba ngumi kwa furaha.

"Ti mas protinete?" mwenye mkahawa akauliza. Unatupendekezea nini?

Alikihamishia kitambaa mkono wa pili.

"Pinao," akasema. Nina njaa.

Mwenye mkahawa aliinua nyusi. Kaka yake akaona amsaidie, akaiinua bilauri tupu na kusema taratibu, "Nero, parakalo." Maji hayo aliyajua! Kufumba na kufumbua jagi lilikuwa mkononi, maji yakamiminika bila tone kugusa kitambaa. Akarudi hatua moja, akasimama wima, na kwa ile sauti tuliyoipiga msasa wiki sita akatangaza, "Dhipsao." Nina kiu.

Mzee aliitazama bilauri yake, akamtazama yeye, akaitazama tena bilauri.

"Psomi," mwenye mkahawa akasema, neno moja tu, kama anayemlisha mtoto. Mkate ukaja. Uliwekwa kushoto kwake, panapotakiwa, kisu kimeelekea ndani, panapotakiwa. Na juu ya mkate huo mpenzi wangu akainama kwa heshima: "Tha ithela psomi, parakalo." Ningependa mkate, tafadhali.

Yule mzee alikuwa muungwana. Alimega kipande, akamnyooshea.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kipande kile cha mkate kilikuwa hewani baina ya mkono wa aliyeketi na mkono wa aliyesimama, hakuna aliyejua kifanyiwe nini, nami niliona kurasa zote za sura ya sita kwa mara moja, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Nina njaa. Nina kiu. Ningependa. Niletee. Hapakuwa na sentensi hata moja ya mtu anayeleta: hapakuwa na "karibuni", wala "mtachukua nini", wala "sasa hivi", yale maneno ya bwana wa meli. Nilikuwa nimechukua mhudumu bora kuliko wote niliowahi kuwaona, nikamfundisha wiki sita kuwa mteja.

Alichukua mkate ule. Afanye nini tena? Aliushika mkono mmoja, sinia mkono wa pili, jasho jembamba likimshuka shavuni, akatoa sentensi zilizokuwa zimebaki kwa mpangilio ule ule wa kitabu: kwamba ni kitamu sana, ilhali hajaonja, na kwamba aletewe hesabu yake, tafadhali. Mwenye mkahawa alicheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Kijana," alisema alipopata pumzi, "nani amekufundisha kuja kula kwangu?"

Nilianza kuinuka.

"Nimejifunza mwenyewe, mama," akasema, bila kugeuka upande wangu.

Mwenye mkahawa alinitupia jicho la haraka, akaliondoa. "Njoo jikoni tuzungumze."

*

Robo saa nilikaa nikiitazama chupa ya mafuta ya zeituni. Mzee wa masharubu alinisukumia kikapu cha mkate kwa huruma. Mlango wa nyuma wa jikoni ulipobamizwa, nilitoka mbio nikazunguka jengo.

Alikuwa amesimama kwenye kichochoro, kando ya masanduku ya nyanya, akilegeza kola ya shati.

"Cheo kapewa yule bwana wa meli," alisema kabla sijauliza.

"Naingia nimweleze. Kosa ni langu. Kile kitabu..."

"Usiingie."

"Lakini ni haki aelewe!"

"Usinisemee, nakuomba. Leo nimeshasemewa vya kutosha."

Nilisimama mkono wangu ukiwa kwenye kitasa. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga teke sanduku la nyanya, na malezi yangu yalinikataza yote mawili.

"Ni kitabu cha wageni," nikasema. "Kila sentensi ni ya mtu aliyeketi. Wiki sita, ukurasa kwa ukurasa, na sikuona. Mimi ninayesomea lugha! Niliwezaje kutokuona?"

"Nikwambie ulivyoweza?"

"Niambie."

"Miaka miwili ulikula ukumbini kwetu kabla hujanijua. Nimekuwekea sahani mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nikiiweka nasema nini?"

Nilikumbuka mikono yake. Nilikumbuka kovu dogo la moto kwenye kifundo, kitambaa, mwendo, hata harufu ya sabuni. Sauti haikuja. Nilichimba kumbukumbu zangu zote na sauti haikuwamo.

"Unasema... karibu?"

"Nasema, 'Angalia, sahani ina moto. Kuna kingine?' Kila siku, kwa kila mtu. Sikulaumu. Ulikuwa unasoma."

Angenipiga kofi ningejua la kufanya. Lakini alisema kwa upole, kama anayeniambia saa, na upole ule ulinipandisha mori kwa sababu sikuwa na pa kuushikia.

"Na wewe?" nikageuka. "Wewe mdomo huna? Uliniuliza juzi huyu anayetaka samaki ni nani, nikakujibu vibaya, ukanyamaza. Mtu mzima! Ulijua?"

Aliokota nyanya moja sandukuni, akairudisha.

"Ulijua?"

"Wiki ya pili nilijua."

"Wiki ya pili!" Sauti yangu iligonga kuta zote mbili za kichochoro. Mpishi alichungulia dirishani, akajirudisha ndani. "Wiki nne nzima umenitazama nikikupeleka shimoni, na wewe unaitikia tu, haya Mwalimu, haya Mwalimu? Ulikuwa unanicheka?"

"Nikucheke?" Kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjamana. "Miaka saba nafanya kazi ukumbi ule. Viti vyake nimevipindua na kuvishusha, sijawahi kukalia hata kimoja. Ukaja wewe ukasema keti. Ukaniuliza una njaa, una kiu, ungependa nini. Najua ni kitabu! Si mtoto mimi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maneno yale, kwa lugha yoyote. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake nikasema tena kesho. Leo yule bwana wa meli aliposema neno lake nikalishika, nikajua ndilo. Nilipofika mezani nikaliita likakataa kuja. Yakaja ya kwako."

Tulitazamana. Palikuwa na hatua mbili baina yetu, na nilihisi kwamba nikizivuka nitamkumbatia, na nikimkumbatia tutasameheana kabla ya kuelewana. Sikuzivuka. Nadhani naye aliona, kwa maana aliegemea ukuta.

"Amenipa nafasi," akasema. "Mhudumu wa kawaida. Naanza Jumatatu. Yule bwana atanifundisha maneno, nami nitamfundisha kushika sahani. Nimekubali."

"Umekubali? Bila hata kuniuliza? Uache kazi ya miaka saba uanze chini?"

"Chini kwa nani?"

"Kwa Baba! Unajua alivyosema. Alisema cheo."

"Najua alivyosema. Umeyarudia mara nyingi kuliko psomi."

"Basi nitamwambia ukweli," nikasema, na nilijisikia nikipata nguvu, kwa kuwa mimi hupata nguvu penye ukweli. "Nitamwambia kosa lilikuwa langu, kwamba wewe ni bora kuliko yule, kila mtu aliona. Jumapili uje hivyo hivyo."

"Nije kama nani?"

"Kama mtu ninayempenda."

Alitikisa kichwa. "Mama yako ataomba chumvi nami nitasimama kuileta. Baba yako ataniona, wewe utaona aibu, na utaificha vizuri sana. Siendi kwenye meza ambayo nimeombewa kiti."

"Unataka nini basi?" Sasa machozi yalikuwa yamekuja, ya hasira, yale mabaya yanayoziba pua. "Nimegombana na wazazi wangu miezi minane kwa ajili yako. Nimekosa vipindi. Nimekesha na kamusi. Kila ninalolifanya ni kwa ajili yako, na kila ninalolifanya linageuka kosa. Niambie unataka nini nami nitakifanya!"

"Hilo ndilo lenyewe," akasema. "Miezi minane unanitengeneza nifae kwenu. Shati hili umelichagua wewe. Viatu, wewe. Sikukataa, nilipenda kutunzwa, nani hapendi? Lakini hata siku moja hujaniuliza sisi kwetu tunakula saa ngapi."

Majibu yalinijia kwa kundi, yote yakinyoosha mikono kama wanafunzi wa mstari wa mbele. Kwamba hakuwahi kunialika. Kwamba palikuwa na mitihani. Kwamba nilidhani ataona haya, na sikutaka kumwaibisha. Yote yalikuwa ya kweli, na hilo la mwisho lilipofika ulimini nilisikia lilivyo, nikalimeza. Nilijua kwamba mama yake anaumwa goti na kwamba anapenda redio. Nilimjua kama ninavyowajua watu wa kwenye hadithi. Haikunipitia akilini kwamba mwanamke yule ana mlango, na kwamba mlango ule unabishwa hodi.

"Mnakula saa ngapi?" nikauliza.

"Umeuliza kwa hasira."

"Nina hasira. Na bado nimeuliza."

Alinitazama. Sijui alikuwa anatafuta nini katika uso wangu uliokuwa umevimba na kulowa, usio na uzuri wowote wa kumshawishi mtu. Nyuma ya dirisha la jikoni yule bwana wa meli alisikika akiita kitu, na sahani zikalia.

"Saa moja," alisema hatimaye. "Mama hapendi mtu anayechelewa. Na atakuuliza maswali."

"Maswali gani?"

"Sijui. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuulizwa."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Simu yangu ikalia mfukoni. Nilipoiona ni Mama, nilijifuta pua kwa mkono, kama mtoto, nikapokea.

"Enhe? Amepata?"

"Hakupata, Mama."

Niliisikia pumzi yake ikishuka, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Sikumchukia kwa hilo. Ilinichosha tu.

"Pole, mwanangu," akasema, na najua alimaanisha. "Basi njoo nyumbani. Baba yako hajala, anakusubiri tule pamoja."

"Mwambie asinisubiri. Leo nakula kwa kina mwenzangu."

"Kwa kina nani? Wamekualika?"

Nilipoinua macho, mpenzi wangu alikuwa amekwisha kuanza kutembea kuelekea barabarani. Hakuwa ameniita, wala hakugeuka. Lakini alikwenda polepole, mwendo wa mtu anayetega sikio.

"Sijui, Mama," nikasema. "Ndiyo naenda kuona."